Neno Lililokaribia Kuvunja Kikundi

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Migori



Ndugu wenyeviti, waweka hazina, makatekista, akina mama na akina baba. Tunawashukuru kwa kufika, wengine kwa miguu na wengine kwa boda, na barabara zenyewe mnazijua zilivyo wakati wa mvua. Leo hatukuja na habari za mbegu wala za kuku. Tumekuja kuzungumza juu ya neno moja la Biblia lililotaka kuvunja kikundi, na juu ya vifaa viwili vilivyotusaidia kulielewa: kamusi za zamani, na programu za Biblia zinazofanya kazi bila intaneti.

KISA CHENYEWE

Kikundi hicho kiko huku kwetu, upande wa ziwa. Ni cha akina mama, wengi wao wauza omena. Walianza na nyoluoro, kila wiki mmoja anapokea. Baadaye wakaanza kukopeshana. Ukichukua shilingi 5,000, unalipa 500 kila mwezi mpaka siku utakayorudisha zile 5,000 zote. Mwisho wa mwaka faida inagawanywa kulingana na akiba ya kila mtu.

Siku moja mama mjane akasimama na Biblia mkononi. Akasoma Kumbukumbu la Torati 23:19, akasema, "Mungu amekataza riba. Mimi siendelei." Mwenzake naye akafungua Mathayo 25:27, pale bwana anapomkemea mtumishi kwa kutoiweka fedha mahali pa kuzaa. "Sasa Yesu anapinga Torati?" Basi kelele ikawa kelele.

Tukaitwa sisi. Hapa yatupasa kuungama mbele yenu kwamba tulikosea. Tulikuwa na haraka ya kwenda mkutano mwingine, tukasema, "Hiyo ni faida tu, siyo riba. Endeleeni." Yule mama akafunga Biblia yake, akaondoka, na kwa miezi miwili hakuonekana. Tulimnyamazisha, hatukumjibu.

VIFAA VYENYEWE

Ofisini kuna kompyuta kuukuu yenye programu iitwayo e-Sword. Imetolewa bure tangu mwaka 2000. Kwa simu za Android kuna nyingine iitwayo AndBible, nayo ni bure. Unaipakua mara moja mahali penye mtandao, pamoja na Biblia na kamusi unazotaka. Baada ya hapo unaisoma nyumbani, sokoni au chini ya mwembe, bila bando.

Mtauliza, mbona vitu vizuri hivyo ni bure? Sababu moja ni kwamba vitabu vingi vilivyomo ni vya zamani, na haki za wenye kuvichapisha zimekwisha. Ndiyo maana Biblia ya Kiingereza utakayoikuta kwanza ni ile ya King James ya mwaka 1611. Pamoja nayo utapata kamusi ya Noah Webster ya Marekani ya mwaka 1828, kamusi ya Biblia ya Easton ya mwaka 1897, na kazi ya James Strong ya mwaka 1890. Huyu Strong aliyapa namba maneno yote ya Kiebrania na ya Kigiriki yaliyomo katika Biblia. Ukigusa namba, unaliona neno la asili hata kama hukusoma Kiebrania.

Lakini hapo pana mtego. Biblia ya zamani ina maneno ya zamani, na neno huweza kubaki na umbo lake huku maana yake ikihama. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani, uwe na kamusi ya zamani karibu.

TULICHOKIPATA

Kwanza, King James hutumia neno moja, "usury", katika Torati na katika Mathayo 25. Leo Mwingereza akisikia neno hilo anafikiri juu ya riba ya unyang'anyi. Tulipofungua Webster tukaona anaeleza kwamba hapo kale lilikuwa na maana ya malipo yoyote ya kutumia fedha ya mtu, na kwamba maana ya riba iliyovuka sheria ilikuja baadaye. Kumbe Kiingereza kilikuwa kimefunika maneno mawili kwa blanketi moja.

Pili, namba za Strong zilituonyesha maneno hayo mawili. Katika Torati ni "neshek", ambalo Strong analitoa katika kitenzi chenye maana ya kung'ata, kama nyoka ang'atavyo. Katika Mathayo ni la Kigiriki, "tokos", lenye asili ya kuzaa. Moja linang'ata, jingine linazaa. Na Kiswahili chetu je? Zaburi 15 katika Biblia ya Union ya mwaka 1952 inasema "kula riba". Neno lenyewe "riba" limetoka Kiarabu, katika mzizi wa kuongezeka, na ni ndugu wa neno jingine la Kiebrania, "tarbit", lililomo katika Walawi 25:36.

Tatu, tulikwama kwenye Kiswahili chenyewe. Kutoka 22:25, katika Biblia hiyo hiyo ya Union, huzungumza juu ya mtu "mwenye kumwia" mwingine. Wengi tulidhani ni kama "niwie radhi". Tukafungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo nakala yetu imeshaachana na jalada lake. Kuwia ni kumdai mtu, na mwia ni mdai. Sasa rudini kwenye Sala ya Bwana katika Luka 11:4, penye maneno "kila tumwiaye". Maana yake ni kila tunayemdai! Tumeyasoma miaka mingapi bila kuona kwamba daftari la mwekahazina limo ndani yake?

KIKUNDI KILIFANYA NINI

Tulikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba msamaha. Akatuambia, "Mimi sikukataa kulipa. Mtoto alilazwa, nikakopa. Nimelipa 500 mara kumi, na zile 5,000 bado ziko pale pale."

Hesabu ilikuwa hiyo, na tulikuwa nayo kwenye daftari siku zote. Mara kumi ni shilingi 5,000. Mwaka mzima ingekuwa 6,000, kuliko mkopo wenyewe. Na mwisho wa mwaka fedha hiyo ilikwenda zaidi kwa wenye akiba kubwa. Aliyekopa kwa ugonjwa alikuwa anawalisha waliokuwa na nafuu.

Kikundi kikakaa tena, kikasoma Nehemia sura ya 5 yote, pale watu wanapolia kwamba wameweka rehani mashamba na watoto. Mjadala ulichukua mikutano mitatu. Mwekahazina aliogopa kwamba sanduku litakauka, naye alikuwa na haki ya kuogopa. Mwishowe wakapatana hivi: mkopo wa biashara utaendelea kulipa faida, lakini faida ikifika nusu ya mkopo inasimama. Mkopo wa ugonjwa au wa mazishi hautalipa faida yoyote. Mwaka huo mgao ulipungua, na wengine walinung'unika. Yule mama alirudi.

TAHADHARI

Mzizi wa neno siyo maana yake yote. Kuona "kung'ata" kulitufungua macho, lakini maana kamili hutokana na sura nzima, na habari za nani alikuwa anamkopesha nani. Torati hapo ilikuwa inamlinda ndugu aliye maskini.

Hesabuni vitabu. Biblia nyingi za bure katika programu hizi zina vitabu 66, na sisi Wakatoliki tunavyo 73. Mkikosa Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili, msidhani vimefutwa. Vitafuteni katika Biblia yenu ya karatasi. Maelezo ya wafafanuzi yaliyomo nayo ni ya madhehebu mbalimbali, basi muulizeni katekista au padre.

Tena mwenye simu asiwe mwenye Neno. Asome kwa sauti, awape wengine simu waone, na wazee wasiojua kusoma waulizwe wanasikiaje. Dholuo inaiita Biblia "Muma", neno la kiapo. Kiapo ni cha watu wote waliokila.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni neno gani la Biblia limewahi kuleta ugomvi kwenu? Mlilitafutia maana, au mlipiga kura tu?
2. Chukueni daftari. Ni nani amelipa faida nyingi kuliko alichokopa, na alikopa kwa shida gani?
3. Someni Nehemia 5:1-13. Je, mkopo wetu unazaa au unang'ata?