Kununua kwa Jumla: Mazungumzo na Wanavikundi wa Kuweka na Kukopa

Kaya yenye kipato kidogo aghalabu ndiyo inunuayo kwa bei ya juu. Anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo kila jioni hulipa, kwa lita moja, zaidi ya yule achukuaye dumu la lita 20. Lakini fedha za dumu zima hana. Hapo ndipo kikundi kinapofaa. Kaya tano zikichangia mfuko wa sukari wa kilo 50 katika duka la jumla, kila moja huondoka na kilo 10 bila kulipa faida ya muuzaji wa rejareja.

Kabla ya kulipa, gawanyeni bei kwa idadi ya kilo, mkijumuisha nauli ya mzigo. Wakati mwingine hesabu hukataa, hasa duka likiwa mbali. Basi nunueni kwa jirani. Takeni mzani wenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, wala msikubali debe lililobonyea.

Mahindi yanahitaji uangalifu zaidi. Gunia lililonunuliwa kwa bei nafuu wakati wa mavuno huweza kuliwa na dumuzi ndani ya miezi michache, na nafaka yenye unyevu huota ukungu unaozaa sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Yakausheni hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kisha yatieni katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu hufa kwa kukosa oksijeni, pasipo dawa. Mfuko ukitoboka kazi imekwisha, kwa hiyo msiuburute sakafuni. Maafisa ugani wa kata watawaonyesha namna ya kuufunga.