Mafuta ya Mwani na Ardhi ya Wanyonge



Nimeombwa nizungumze juu ya dizeli itokanayo na mwani mdogo sana, kama ule unaofanya maji ya dimbwi kuwa ya kijani. Mwani huo hujiwekea akiba ya mafuta ndani ya seli zake. Serikali ya Marekani iliuchunguza tangu mwaka 1978 hadi 1996, hata ikawa na mabwawa ya majaribio huko Roswell, New Mexico. Mwani uliota, lakini mafuta yake yalikuwa ghali kuliko yale yachimbwayo ardhini.

Akina mama wapikao sabuni wataelewa upesi ugumu mwingine. Mafuta yakichanganywa na methanoli pamoja na kostiki soda, hugeuka dizeli, na gliserini hujitenga chini. Lakini mafuta ya mwani mara nyingi yana asidi huru nyingi, nayo ikikutana na kostiki soda huwa sabuni. Ndipo hutumika kimeng'enya kiitwacho lipasi, cha jamii ile ile imeng'enyayo mafuta tumboni mwetu. Hicho hufanya kazi katika joto dogo, wala hakileti sabuni. Ila bei yake ni kubwa, na methanoli ikimiminwa yote kwa mara moja hukidhoofisha. Hivyo humiminwa kidogo kidogo.

Jambo hili latuhusu nini? Tukumbuke Kisarawe. Mwaka 2009 kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ili ipande mibono ya dizeli. Mwaka 2011 kazi ikasimama, ajira zikaisha, wala kusimama huko hakukuwarudishia wanavijiji ardhi yao.

Watetezi wa mwani husema haudai shamba la mahindi, kwamba hutosheka na ardhi kame na maji ya chumvi. Ni kweli kwa aina nyingi za mwani. Lakini ardhi iitwayo kame mara nyingi ndiyo malisho ya mfugaji, na penye maji ya chumvi pana mvuvi. Tena hata matajiri huchoka: ExxonMobil ilitangaza mwaka 2009 kwamba ingetumia hadi dola milioni 600 kwa mwani; kufikia 2023 ilikuwa imekwisha kuuacha.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji ikihawilishwa kwa mwekezaji kutoka nje hugeuka ardhi ya jumla, na mradi ukifa hairudi yenyewe. Basi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujanyosha mikono, viongozi wa jumuiya na waulize: maji yatatoka wapi, na mabwawa yakikauka nani atayafukia?