Vyombo ni vya Nani?

Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Nimeombwa niseme habari za bendi yetu ya miaka ya sabini. Mwanzoni nilikataa, kwa sababu ndani ya habari hizo mna aibu yangu. Lakini jana jioni nilipita nyuma ya jengo hili nikawasikia vijana wa bendi ya shule wakifanya mazoezi. Nilisimama gizani kama nusu saa. Walipopumzika niliwauliza huo ni muziki gani, wakanijibu, "Shikamoo mzee, hii ni panki." Nikacheka, maana sisi neno panki tulilijua kwa kinyozi kabla ya kulijua kwenye muziki. Kisha wakanieleza jambo la pili ambalo halikunichekesha hata kidogo, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Nitalifikia.

Mwaka 1976 nilikuwa Kidato cha Pili. Tulikuwa vijana watano. Jina tulilojipa lilikuwa refu kuliko nyimbo zetu zote, nami naomba mniruhusu nisilitaje. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mwalimu wetu. Tuliwasikiliza NUTA Jazz, tukawasikiliza Urafiki, na zaidi ya wote Afro 70 ya Patrick Balisidya, kwa kuwa alikuwa mtu wa Dodoma, jirani yetu, tukajihesabia undugu bila yeye kuwa na habari. Afro 70 ilipokwenda Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, sisi tuliona kama tumebakiza vituo vichache tu kufika huko.

Vyombo vyetu sasa. Besi ilikuwa sanduku la chai lenye fimbo na uzi mmoja. Ngoma zilikuwa mbili, za ngozi ya mbuzi, pamoja na debe. Kilichotusumbua ni gitaa. Fundi mmoja mjini alikuwa na gitaa kavu lililokwisha tumika, akataka shilingi 300. Likizo ilipokwisha kila mmoja alirudi na alichoweza. Wawili waliuza vitunguu vya baba zao, mmoja kwa ruhusa na mwingine bila ruhusa. Mimi nilitoa shilingi 40 nilizobana katika nauli. Mpiga besi wetu, aliyetoka upande wa Kiomboi, alikuja na kuku kumi na wawili wa mama yake, wamefungwa miguu, juu ya lori. Kuku wale peke yao walitoa karibu nusu ya bei. Naomba mlikumbuke hilo la kuku.

Uzi ulipokatika tulifunga waya wa breki ya baiskeli. Vidole vilichanika, lakini mlio ulikuwa mkali, na nikisema kweli nimeupenda kuliko nyuzi zote nilizopiga baadaye. Kelele zilikuwa marufuku shuleni siku ya Jumapili, basi tulikwenda kupiga kando ya Ziwa Singidani, upepo ukichukua nusu ya muziki. Wimbo uliotupatia jina ulikuwa wa maharage ya shule na wadudu wake. Uliimbwa bwalo zima, tukapewa adhabu ya kulima wiki mbili. Mwalimu wa zamu aliyetusimamia alikuwa akiuimba kwa sauti ya chini.

Sasa hao watu wa panki. Nilikuja kusoma habari zao nikiwa mtu mzima, na nilishangaa kuona kwamba tulikuwa rika moja. Mwaka ule ule wa 1976, vijana wa London na wa New York walichoka na muziki wa mabingwa waliokaa mbali jukwaani. Wakasema mtu akijua mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa inatosha, aanzishe bendi. Waliimba kwa hasira, haraka haraka, juu ya kukosa kazi na kudharauliwa. Majina ya Sex Pistols na The Clash vijana hapa wanayajua kuliko mimi. Mimi lakini walionigusa ni wengine, Buzzcocks wa Manchester. Hao walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa sahani yao wenyewe, nakala 1,000 za kwanza, bila kumpigia kampuni yoyote magoti. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Pauni 500 za jamaa na marafiki! Ni zile zile kuku za mama yake mpiga besi.

Afrika nako walikuwepo. Johannesburg, mwaka 1979, vijana weusi na weupe waliunda bendi ya National Wake wakati sheria za ubaguzi ziliwakataza hata kukaa mtaa mmoja. Walitoa sahani moja tu, mwaka 1981. Wala asije mtu akasema Tanzania haikuwa na vijana wabishi. Operesheni Vijana ya Januari 1969 ilipiga vita sketi fupi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Marufuku haiwekwi pasipo na watu wanaoupiga.

Basi ujasiri tulikuwa nao. Tofauti yetu na wale wa Manchester ilikuwa stoo. Hapa kwetu mashine ya kutengeneza sahani haikuwepo. Bendi ilirekodi Radio Tanzania, na sahani zilitengenezwa Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, nayo njia hiyo ikawa ngumu. Magitaa ya umeme na amplifaya vilikuwa vitu vya kuagizwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo vilinunuliwa na wenye uwezo wa kuagiza. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz ya polisi, na baadaye Bima Lee ya Shirika la Bima. Sisemi mpango ule ulikuwa mbaya. Mwanamuziki alilipwa mshahara wa mwezi kama karani, alipata sare, na nyimbo zilizotoka humo bado zinatufanya wazee tusimame kwenye harusi. Lakini siku akiondoka, aliondoka na koo lake tu.

Mimi nililijua hilo kwa njia mbaya. Tulipomaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa 1978, ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na vyombo vipya na haina mpiga solo. Tulikwenda wote watano kujaribiwa. Wakanichukua mimi peke yangu. Tukakubaliana na wenzangu, tumesimama stendi ya mabasi, kwamba nichukue gitaa letu la kufanyia mazoezi, na baada ya mwezi mmoja nilirudishe ili wao waendelee. Mwezi ulipita. Mpiga besi aliniandikia barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya salamu na iliuliza gitaa mwishoni kabisa, kwa adabu. Ya pili ilikuwa ya mistari mitatu. Sikujibu hata moja. Nilikuwa nimekwisha shika gitaa la umeme jekundu, nikawa na haya ya kukumbushwa waya wa breki. Bila gitaa bendi ile ikafa, na haikuuliwa na serikali wala na mwalimu wa zamu.

Yaliyonipata mimi ni mafupi. Vita vya Kagera viliisha, petroli ikawa ya kutafutwa, dansi za nje ya mji zikakoma. Mwaka 1981 tulifika kazini tukakuta kufuli jipya kwenye stoo ya vyombo. Nyimbo sita nilizotunga zilikuwa na jina la ofisi. Nilipanda lori kurudi Singida na begi moja, na gitaa kavu la watu watano.

Nije kwa lile jambo la pili. Vijana wamenieleza kwamba yuko mfadhili anayetaka kuwapa magitaa mawili, dramu na spika kubwa. Sharti ni kwamba bendi ichukue jina la biashara yake, ipige atakapoitaka, na nyimbo ziwe mali yake. Wanatakiwa watie sahihi kabla ya shule kufungwa. Wanangu, simjui mtu huyo na huenda ana nia njema. Mimi ningemwuliza maneno mawili tu: ufunguo wa stoo utakaa kwa nani, na wimbo wa maharage utaruhusiwa? Msikieni anavyojibu, na mwangalieni usoni anapojibu.

Na ninyi wenzangu wenye vitambi, mwaka jana tulichanga tukajenga geti. Ni geti zuri. Naomba mchango wa mwaka huu ununue gitaa moja la umeme na amplifaya moja, viandikwe kwenye daftari la shule kuwa ni mali ya klabu ya muziki, na mlezi wa klabu pamoja na kiranja wawe na ufunguo kila mmoja wake. Mimi natangulia na shilingi 200,000, Mweka Hazina anazo tayari. Wakitaka kupiga panki wapige. Sikuyaelewa maneno yote jana, ila niliusikia ubeti mmoja wa foleni ya maji bombani, na nilijua kwamba ni wa kweli, maana nilikuwa nimetoka kuiona foleni yenyewe.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti. Mpiga besi wetu yumo humu ndani, safu ya tatu karibu na dirisha. Asubuhi tulisalimiana, akaniuliza habari za watoto na za mguu wangu. Gitaa hakuliuliza. Ninalo hapa nyuma ya meza, limefungwa katika shuka. Shingo imepinda kidogo, nyuzi mbili hazipo, na ule wa tatu bado ni wa breki. Kaka, njoo ulichukue. Kama litawafaa vijana kwa mazoezi utaamua wewe, maana kuku walikuwa wa mama yako.