Uende na Swali la Nyumbani



Nimeombwa niseme machache juu ya mafunzo ya sayansi ng'ambo, kwa kuwa nilipokuwa Chuo Kikuu nilipata nafasi ya kufanya kazi miezi 3 katika maabara moja mjini Basel, Uswisi. Vijana huniuliza habari za theluji. Theluji ni baridi, basi. Mimi nitasema habari za kazi.

Basel si mji mgeni kwa Ifakara. Profesa Rudolf Geigy wa mji huo alifika hapa mwaka 1949, akachunguza homa ya papasi, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Wanafunzi wa Uswisi wamekuja Kilombero kujifunza. Kwa hiyo kijana wetu aendaye Basel hafungui njia mpya. Anaipita ile ile, ila yeye anatokea upande wa pili.

La kwanza nililofundishwa huko ni daftari. Kila kipimo huandikwa saa ile ile, kwa wino, pamoja na tarehe. Tarakimu iliyokosewa haifutwi. Hupigwa mstari mmoja, ibaki ikisomeka, na sahihi huwekwa kando. Mtu akilishika daftari lako baada ya miaka 20, aweze kuifuata kazi yako hatua kwa hatua. Hilo halihitaji fedha nyingi wala umeme.

La pili ni swali. Siku moja palizungumzwa mpango wa vyandarua ulioanza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Nikauliza: je, chandarua hicho kimehesabiwa katika nyumba ipi? Maana mkulima wetu ana makazi mawili. Msimu wa mpunga ukifika, watu huhamia mashambani, wakalala katika dungu wakilinda ndege na nguruwe mwitu. Kalamu zikatoka mifukoni. Swali lile sikulipata Chuo Kikuu; nililipata kwa kulala dunguni.

Na jibu? Wengi wetu tungekisia kwamba chandarua hubaki kijijini. Uchunguzi wa mashamba ya mpunga ya bonde hili, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wakulima wengi walikuwa na vyandarua hata huko shambani. Lililokuwa mbali nao ni matibabu. Ndiyo sababu mwanasayansi huhesabu, hakisii.

Vijana, anayekwenda bila swali lake hulifanyia kazi swali la mwenyeji wake, kisha hurudi na cheti na picha. Anayekwenda na swali la nyumbani hurudi na njia ya kulijibu. Basi anzeni sasa. Pimeni mvua kila siku, hesabuni viluwiluwi vya mbu katika madimbwi ya jirani, na muandike.

Nasi wanafunzi wa zamani tuna wajibu. Barua ya utambulisho, nauli ya kufuatia pasipoti, fomu kujazwa na kupelekwa mapema: haya yako ndani ya uwezo wetu, na kwa kukosa haya tu kijana hodari huweza kuachwa.