Mji Mkongwe ni Amana Juu Yetu Sote
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Unguja)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya majengo ya kale ya Mji Mkongwe. Sisi si wahandisi wala si wanavyuoni wa tarekhe. Sisi ni watu wa mizani na pishi, ambao tangu asubuhi hata magharibi hukaa chini ya kuta hizo zinazozungumzwa. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata.

Nyote mnakumbuka tarehe 25 Desemba, 2020. Siku hiyo sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu 2 wakapoteza roho zao. Jumba hilo lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Lilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti, 1896, iliyobomoa jumba la jirani yake. Basi lile lisiloangushwa na manowari likaja kuangushwa na nini? Si kwamba halikutoa onyo, kwani mwaka 2012 sehemu yake nyengine ilikuwa imekwisha anguka. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi hiyo si methali tena, ni khabari.

Hata hivyo, insafu yatupasa, hata tunaposema juu ya wale tunaoshindana nao. Serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wetu ukaandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Forodhani ilitengenezwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, na ile Dispensari ya Kale iliyo mbele ya bandari ilifufuliwa katika miaka ya tisini, kazi zote mbili kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Hayo tunayashukuru. Lakini tazameni: yaliyong'arishwa ni yale yatazamanayo na bahari, ambayo mgeni huyaona kabla hajashuka chomboni. Je, nyumba za ndani ya vichochoro, ambamo watu wanapika na kuzaa, nani azitazamaye?

Nyumba hizi zina tabia yake. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa, na juu yake mawe na chokaa iliyopondwa. Chokaa hupumua: hunywa maji ya masika, kisha huyatoa jua likiwaka. Saruji haipumui. Ukiupaka ukuta huo saruji, unyevu hufungika ndani, udongo ukalegea na boriti zikaoza kwenye ncha zake, pale usipopaona.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Duka letu lilianza kumwaga vumbi la chokaa juu ya magunia ya mchele. Tulimwendea mwenye nyumba mara tatu, akatupa ahadi tatu. Tukachoka, tukamleta fundi akapaka saruji, na ukuta ukapendeza kama biarusi. Masika ya pili ukavimba, na usiku mmoja ukabanduka kipande kizima, kikaangukia pale anapokaa mtoto wetu akisoma. Mwenyezi Mungu alimkinga, kwa kuwa usiku huo alikuwa amelala kwa bibi yake. Tangu hapo hatusemi tena kwamba hifadhi ya majengo ni jambo la watalii.

Basi tunadai nini? Kwanza, nyumba za khatari zikaguliwe kabla ya kila masika, na orodha yake ibandikwe hadharani, ili mpangaji ajue analala chini ya nini. Pili, kodi za nyumba za Serikali zirudi katika mapaa ya nyumba hizo. Ama zile za wakf, sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba pato la wakf hutangulizwa katika kuutengeneza wakf wenyewe, ndipo wapewe wenye kustahiki. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko kila afisi. Tatu, vijana wasomeshwe kazi ya kuchoma chokaa na kuizima, kwa kuwa mafundi wanaoijua wanapungua, na fundi akifa huzikwa na ujuzi wake. Nne, ruhusa za kujenga zipimwe kwa kipimo kimoja. Maskini asizuiwe kubadili dirisha, hali tajiri wa hoteli akiongeza ghorofa.

Na sisi wenyewe, ndugu wanachama, tusiwe watu wa kudai tu. Mifereji ya mapaa isafishwe kabla ya mvua. Matangi ya maji yasipandishwe juu ya boriti za miaka mia. Bomba linalovuja lisiachwe hata wiki, kwani adui mkubwa wa nyumba ya mawe ni maji. Na anayeona ufa mpya aupige tarehe kwa kalamu, ili ijulikane kama unatembea, kisha apeleke khabari kwa maandishi na abaki na nakala.

Waliojenga mji huu hawakutuuliza itikadi zetu walipotuachia vivuli na mabaraza yao. Nasi tutakapoukabidhi kwa wajao, hawatatuuliza tulipiga kura wapi. Watatuuliza kuta ziko wapi.

Wabillahi tawfiq.