Injini Isizimwe Mteremkoni

Bwana Mwenyekiti, na ndugu wanachama,

Mmetutaka tuseme juu ya usukani na breki. Twaomba ruhusa tuanzie mteremko wa Kitonga, kwa kuwa huko ndiko tulikojifunza.

Tulikuwa wanne garini, tukitoka Iringa kurudi Dar es Salaam. Dereva wetu, mtu mzima mwenye adabu, alitoa gia, kisha akazima injini ili asipoteze mafuta. Hatukumkataza, tulimsifu kwa kuitunza mali ya serikali. Kwenye kona ya pili usukani ukawa mzito kama jiwe. Akakanyaga breki, gari likatii; akakanyaga tena, likatii kidogo; mara ya tatu pedeli ilikuwa ngumu kama ubao. Mungu akamjalia, akaiwasha injini kabla hatujafika ukingoni.

Sababu yake yapasa ijulikane. Katika magari mengi ya siku hizi injini ndiyo isaidiayo mikono kugeuza usukani na mguu kukanyaga breki. Ikizimwa, husalia nguvu ya akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, basi. Na mwenye kuchomoa ufunguo huweza kuufunga usukani kabisa.

Tena wako wasemao kwamba watatoa gia tu, injini ikinguruma. Hao nao hawapati faida waitafutayo. Injini ambazo mafuta yake hupimwa kwa mitambo ya umeme hujikatia mafuta zenyewe gari likiteremka na gia, mguu ukiwa umeondolewa; gia ikitolewa, injini huendelea kunywa.

Basi gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka, si katikati, na injini izuie mwendo. Hata gari la otomatiki linayo. Breki ikanyagwe kwa nguvu, mwendo upungue, kisha iachwe ipoe. Aishikiliaye mteremko mzima huipasha moto hata mafuta yake yakachemka, na hapo pedeli huzama bure. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, maana gurudumu la mbele lililofungwa na breki halisikii usukani. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa ya kusimama tangu breki zishike huwa mara nne.

Mtasema hayo ni ya dereva. Lakini ni sisi tuketio nyuma tumwambiao afanye haraka. Siku hizi dereva wetu husimama kando juu ya Kitonga, akaingiza gia ya pili, nasi twamngoja.

Tumekwisha, mwenye swali na aulize.