Tom Ripley, Mhalifu Asiyepatikana na Mpelelezi



Wengi wetu tuliopenda riwaya za upelelezi za Kiswahili tulilelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, tulijua kwamba Bwana Msa atawasha kiko chake, fumbo litafumbuliwa, na mwenye hatia atajulikana kabla kitabu hakijafungwa. Leo nataka kumzungumzia mhalifu ambaye hakupata Bwana Msa wake.

Huyo ni Tom Ripley, aliyebuniwa na Patricia Highsmith wa Marekani katika riwaya tano, ya kwanza ikitoka mwaka 1955 na ya mwisho 1991. Tunamkuta New York, kijana yatima asiye na kazi ya maana. Anajifanya ofisa wa kodi na kuwatisha watu kwa barua, nao wanamletea hundi ambazo, ajabu ya Mungu, hawezi hata kuzibadilisha kuwa fedha. Tunamcheka, tunamhurumia, na mtego umeshatunasa.

Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha mashua anampeleka Italia akamshawishi mwanawe, Dickie Greenleaf, arudi nyumbani. Tom anayapenda maisha ya Dickie kuliko anavyompenda Dickie mwenyewe. Anapotambua kwamba mwenzake amemchoka, anamuua kwa kasia baharini, karibu na San Remo, kisha anavaa nguo zake, pete zake na jina lake. Sisi tunaoishi ughaibuni tunakijua kishawishi cha kuwa mtu mwingine mahali ambapo hakuna aliyemjua mzazi wako. Labda ndiyo maana sehemu hii hunitia hofu kuliko mauaji yenyewe. Nikiisoma, najikuta naomba hodi ya polisi isisikike mlangoni.

Katika riwaya zinazofuata Tom anaishi Ufaransa, katika nyumba nzuri iitwayo Belle Ombre. Ana mke, bustani, picha za thamani na kinanda. Amebadilika, ila hajatubu. Ule woga wa ujana umemtoka, ukaacha nafasi kwa utulivu wa kutisha. Zamani aliua kwa tamaa na hofu. Sasa anaweza kuharibu maisha ya mtu kwa sababu ya neno moja.

Mtu huyo ni Jonathan Trevanny, fundi wa fremu za picha, mgonjwa wa saratani ya damu, katika Ripley's Game ya mwaka 1974. Kosa lake ni kumjibu Tom kwa dharau katika karamu. Tom anaeneza uvumi kwamba ugonjwa wake umezidi, na kumpendekeza kwa rafiki yake anayetafuta mtu wa kuua kwa malipo. Jonathan, akiwaza mke na mtoto atakaowaacha, anakubali.

Halafu Highsmith anafanya jambo ambalo waandishi wengi wasingethubutu. Jonathan amepanda treni kwenda kuua mara ya pili, moyo umemwishia, na ghafla Tom anatokea humo humo kumsaidia. Je, ni huruma? Majuto? Nadhani ni vyote viwili, kwa kiasi chake. Lakini msaada wenyewe ni kumnyonga mtu kwa kamba. Wema pekee alio nao Tom hupitia mikono ile ile, nasi tunapumua kwa raha kwamba amefika.

Mwishoni Jonathan anapigwa risasi na kufa. Baadaye mjane wake, Simone, anakutana na Tom barabarani na kumtemea mate, yasimfikie. Mtu mwingine angeinamisha kichwa. Tom anapiga hesabu: kama Simone asingeamua kubaki na zile fedha, asingejisumbua kutema mate. Basi hatasema kitu.

Naye Tom anaendelea na safari yake.